Kemshafti "kali" kwa Canter ya mchanga: pima iliyomo kwanza

Mdau wa Wete ameuliza hivi: ana Canter yenye injini ya 4D33, inabeba mchanga na matofali, inachoka kwenye vilima vya Pemba. Ameona video za malori ya Marekani yanavyovuta, sasa anataka kujua aagize kemshafti (ile shafti yenye nundu za kufungulia valvu) gani kali kutoka Dubai. Wenzetu waliomjibu wamemtajia kemshafti za Cummins. Jamani, hizo ni za Cummins. Hazikai kwenye 4D33. Wamarekani wana injini za dizeli za Cummins, Duramax na Power Stroke, soko lao kubwa, ndiyo maana viwanda vinawachongea kemshafti za kila aina. Sisi na injini zetu za Kijapani za kazi, tukitaka kitu tofauti na cha kiwandani mara nyingi ni kwenda kwa fundi turna, mchonga vyuma, akachonge upya.

Sasa tuje kwenye injini yenyewe. 4D33 ni lita 4.2, haina tabo (kile kifaa cha kushindilia hewa kwa nguvu ya moshi), kemshafti iko chini kwenye bloku, inazungushwa kwa gia, inasukuma tapeti (kipande kinachokaa juu ya nundu), pushrodi (fimbo ndefu), halafu roka (mkono unaobonyeza valvu). Nguvu ya dizeli inatoka kwenye mafuta ambayo pampu inapiga na hewa ya kuyachoma. Kemshafti haihusiki na mafuta. Kazi yake ni pumzi: valvu ifunguke lini, iinuke kiasi gani, ifunge lini. Kama pumzi haijabanwa, utabadilisha kemshafti na gari itapanda vile vile.

Tena inaweza kupanda vibaya zaidi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kemshafti "kali" kwa kawaida inaacha valvu ya kuingiza hewa wazi kwa muda mrefu. Pistoni imeshagusa chini, imeanza kupanda, valvu bado iko wazi. Injini ikizunguka kasi hakuna neno, hewa inaendelea kujipakia. Lakini wewe unapanda kilima na tani za mchanga, injini iko raundi 1,500 hivi kwa dakika. Kwa mwendo huo hewa inarudishwa ilikotoka, mgandamizo unapungua, na nguvu ya chini uliyokuwa ukiitafuta ndiyo inayokwenda. Asubuhi utapiga starta mpaka betri ichoke, na ikiwaka itatoa moshi mweupe mtaa mzima. Gavana ya pampu, inayozuia injini isizidi kasi, nayo haikuruhusu kufika kwenye raundi ambazo kemshafti ile ingekulipa. Umenunua nguvu ya mahali ambapo gari yako haifiki.

Kuinua valvu zaidi nako kuna mpaka. Dizeli inagandamiza sana, kwa hiyo pistoni ikifika juu inakaribia kugusa hedi. Mwenye kuchonga kemshafti ya kuinua zaidi bila kupima nafasi ya valvu na pistoni anatafuta balaa. Kipimo chenyewe ni rahisi: bandika udongo wa kuchezea wa watoto wa skuli juu ya pistoni, rudisha hedi na gasketi ya zamani iliyokwisha kubanwa, funga, rekebisha tapeti, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili ya krenki, fungua, kata ule udongo kwa wembe pale valvu ilipoacha alama, upime unene wake. Kwa mkono, si kwa starta!

Kuna Canter ya matofali ilikuja kwangu na kesi kama yako khasa. Nozeli zimeshabadilishwa, pampu imekwenda kwa fundi pampu na kurudi, mwenyewe ameshaambiwa anunue injini nyingine. Tukafungua kifuniko cha juu, tukatoa roka, tukaweka geji ya mshale (ya kupimia mwendo mdogo) kwenye ncha ya kila pushrodi na kuzungusha krenki taratibu. Silinda nne, pushrodi nane. Saba zilipishana kidogo tu. Ya nane, ya kutolea moshi silinda ya tatu, ilikuwa pungufu kwa zaidi ya milimita nzima. Kuitoa tapeti yake, chini imechimbika kama kisahani, ukingo umemenyeka. Silinda ile ilikuwa haitoi moshi wake wote, basi hewa mpya itaingia wapi? Ikawekwa kemshafti ya vipimo vile vile vya kiwandani na tapeti mpya zote, gari ikapanda.

Kwa hiyo bwana, fanya kipimo hicho cha pushrodi kabla hujatuma hata shilingi Dubai. Angalia na filta ya hewa, na mpira wake kama haujajikunja kwa ndani. Na mchanga wenyewe, ukipakia uliolowa mvua ya masika usiilaumu injini.

Ukiamua kuchongesha, muulize fundi turna atachonga mpaka wapi. Ngozi ngumu ya kemshafti ni nyembamba. Akiivuka, chuma cha ndani ni laini na kitalika upesi sana. Pia kuchonga kunapunguza mzingo wa chini (upande wa duara usio na nundu), tapeti inakaa chini zaidi, skrubu ya roka inaweza kuishiwa nyuzi na ukahitaji pushrodi ndefu. Hayo yasemwe kabla ya kazi.

Mpya au ya kuchongwa, tapeti za zamani usizirudishe. Zimelika kufuata kemshafti ya zamani, zitaitafuna mpya. Paka grisi ya kemshafti kila nundu, toa upepo kwenye pampu na mabomba mpaka dizeli isafike, ili injini iwake mara moja bila kuhangaishwa na starta. Ikiwaka usiiache sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta): ishike raundi 1,500 mpaka 2,500 kwa dakika 20 hivi, jicho kwenye joto la maji. Nundu hizo zinapata oili ya kurushwa na krenki, na sailensa hairushi ya kutosha. Kama kemshafti itasubiri siku kadhaa kabla ya kufungwa, ipake oili uifunge nailoni, maana kwa hewa yetu ya chumvi itaota madoa ya kutu.

Kemshafti tofauti na ya kiwandani ninaiona na maana kwa mwenye tabo, kama 4D34 ya tabo, aliyekwisha kuongeza mafuta na hewa na bado moshi mweusi na joto la ekzosi haviteremki. Huyo naye aombe ya wastani, na kile kipindi valvu zote mbili ziko wazi kiwe kifupi. Kwenye gari ya kazi msukumo wa moshi kabla haujaingia tabo mara nyingi unazidi ule wa hewa inayoingia, na kipindi kikiwa kirefu moshi unarudi kwenye manifodi ya kuingiza hewa.

Mdau wa Wete, ukishapima weka hapa namba zote nane, za kuingiza na za kutolea mbalimbali, na utaje kama injini ilishawahi kufunguliwa hedi.