Je, nimwongezee mama sukari ili ubongo upate chakula?

Dada, umesema mama ana Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, kliniki wamekuambia ubongo wake hautumii glukozi, yaani sukari ya kwenye damu, ipasavyo, na sasa unauliza kama uji wake uzidishiwe sukari. Tafadhali usifanye hivyo. Mimi nilifanya.

Baba yangu alikuwa seremala Kibuye, hapa Kisumu. Siku moja nilimkuta ameshika randa, anaigeuza huku na huku, anayapapasa makali kwa kidole gumba kama mtu aliyeokota kitu njiani. Niliposikia habari za ubongo wenye njaa, nikanunua kopo la glukozi: vijiko viwili kwenye uji asubuhi, viwili jioni. Baada ya wiki kadhaa akawa anaamka kukojoa usiku kucha. Tukampima, sukari ya damu 15 mmol/L, juu mno. Kumbe alikuwa na kisukari tusichokijua, nami nilikuwa nakichochea. Kumbukumbu haikurudi hata chembe.

Nilidhani chakula hakifiki. Damu inakileta, shida iko jikoni. Kati ya mshipa wa damu na neva, zile seli za ubongo zinazofikiri na kukumbuka, kuna seli ziitwazo astrositi. Zimekumbatia vimishipa vya damu, zinachota glukozi, nyingine zinaiweka akiba, nyingine zinaigeuza laktati, chakula chepesi kinachotokana na glukozi, na kuipa neva. Dhana hiyo ya laktati waliitoa Luc Pellerin na Pierre Magistretti mwaka 1994, na bado wataalamu wanabishania neva hutegemea laktati hiyo kwa kiasi gani. Alzheimer ikiingia, astrositi zinaacha ulezi huo polepole.

Halafu kuna seli ziitwazo mikroglia, wafagiaji wa ubongo. Zikiwa shwari huchoma glukozi kwa oksijeni, na kila molekuli ya glukozi hutoa kama 30 za ATP, yaani vipakiti vya nishati ya seli. Zikikutana na madonge ya amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wenye Alzheimer, hubadili mtindo: glukozi inavunjwa harakaharaka, faida ATP 2 tu. Kwa vita vya siku chache inafaa. Lakini madonge haya hayamaliziki, kwa hiyo zinachoka, uchafu unabaki, na kemikali zinazotoa zinaumiza neva za jirani. Sukari ya kopo haigusi lolote kati ya hayo.

Sasa baba anakunywa uji wa wimbi bila sukari, anakula omena na sukuma, jioni tunatembea. Nikimpa kipande cha mvule na msasa anasugua saa nzima, ametulia kabisa.

Mama anatumia dawa ya kisukari? Kama ndiyo, usimpunguzie chakula ghafla kabla hujaongea na daktari, maana sukari ikishuka sana nayo ni hatari. Niandikie hapa vipimo vyake vya mwisho.