Filta nene si lazima iwe filta bora

Joto la Moshi likianza, maswali ya viyoyozi huja kwa mafungu. Arusha nako wameuliza, ingawa baridi ya Juni na Julai huwasahaulisha kwamba mashine ipo ukutani.

Fundi, habari za kazi. Nyumba yetu iko Moshono na barabara ya vumbi inapita mbele ya geti. Filta ya kiyoyozi inajaa upesi mno. Dukani nimeambiwa ninunue filta nene ya HEPA, nikate kipande nikibandike juu ya ile ya zamani. Nifanye hivyo?

Usifanye, mama. Hela yako ikae kwanza. Kiyoyozi cha ukutani kimeundwa kuvuta hewa kupitia wavu mwembamba wa plastiki, na feni yake ina nguvu ya kutosha wavu huo tu. HEPA ya kweli hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3, wakati unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Kazi hiyo inadai feni yenye nguvu na fremu iliyozibwa vizuri kingo zote. Kipande cha kukata kwa mkasi hakina fremu hiyo, kwa hiyo hewa inapita pembeni pamoja na vumbi lake.

Isipopita pembeni, ndiyo mbaya zaidi. Hewa ikipungua, koili, yaani mabomba ya ubaridi yaliyo ndani ya mashine, inapoa kupita kiasi na unyevu unaganda kuwa barafu. Ukizima mashine barafu inayeyuka, maji yanachuruzika ukutani, chumba hakipoi na umeme wa LUKU unakwisha. Hapo anaitwa mtu wa kuongeza gesi, na gesi yenyewe haijapungua hata kidogo! Biashara hiyo imewalisha wengi.

Kumbuka pia kwamba viyoyozi vingi vya ukutani havivuti hewa ya nje. Vinazungusha ile ile ya chumbani. Vumbi unalolikuta kwenye filta limepita mlangoni, dirishani na kwenye viatu. Ziba upenyo wa chini ya mlango, piga deki badala ya kufagia pakavu, na kiangazi osha filta kila baada ya wiki mbili. Ukiitaka HEPA kweli, nunua mashine ya kusafisha hewa inayosimama peke yake, yenye uwezo unaolingana na ukubwa wa chumba.

Nimemaliza nyumba Shanty Town, Moshi. Kiyoyozi ni cha mabomba ya hewa yanayopita darini, na filta zake zimeandikwa MERV na namba. Nichukue ya juu kabisa?

MERV ni kipimo cha Marekani kinachoanzia 1 hadi 16. Namba ikipanda, filta inanasa chembe ndogo zaidi, na kwa kawaida inabana hewa zaidi pia. Kwa vumbi la kawaida na chavua, MERV 8 inatosha. MERV 13 inapunguza hata chembe za moshi, lakini soma kwanza kitabu cha mashine uone kama feni inaimudu.

Kabla ya kununua, pima nafasi ya filta kwa futi kamba. Filta iliyoandikwa inchi 16 kwa 25 kwa kawaida huwa ndogo kidogo kuliko hapo, na ikilegea hewa chafu inapita kando. Mshale uliochorwa kwenye fremu uelekee upande wa feni. Filta za karatasi hazioshwi. Ikague kila mwezi, ikichafuka tupa.

Shikamoo fundi. Tunaishi Bomambuzi. Miwa ikichomwa mashambani, majivu meusi yanatufikia, na mwanangu ana pumu. Filta ya kaboni itamsaidia?

Marahaba. Kaboni hunasa harufu na baadhi ya gesi. Kwa chembe za moshi usiitegemee. Majivu makubwa yatakwama kwenye wavu wa kawaida, lakini chembe laini zinazochokoza pumu zitapita. Siku za moshi funga madirisha ya chumba anacholala na uweke humo mashine ya HEPA niliyoitaja juu. Dawa zake aendelee nazo kama daktari alivyoagiza.

La muhimu kuliko yote: usiwashe jiko la mkaa ndani ukidhani filta itasafisha hewa. Gesi ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina harufu, na filta ya kiyoyozi haiizuii. Inaua watu wakiwa usingizini.

Nimeosha filta kwa maji ya moto nikaianika juani, sasa imejikunja haiingii. Inanyooka?

Hainyooki vizuri, kaka. Tafuta nyingine ya modeli hiyo hiyo. Safari ijayo tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini, maji yapite kutokea upande wa nyuma yasukume vumbi nje, kisha anika kivulini. Na wakati unasubiri filta mpya, usiwashe mashine ikiwa tupu. Vumbi likigandamana kwenye koili, kuliosha ni kazi ya fundi na ya gharama.

Sakina tunatumia kiyoyozi miezi michache tu ya joto. Kuna la kufanya kabla ya kukiacha?

Lipo. Siku ya mwisho kiwashe upande wa feni tupu kwa saa mbili au tatu ili koili ikauke isiote ukungu. Kisha osha filta, ikauke kabisa ndipo uirudishe.