Kinga Inapovamia Tezi za Machozi na Mate

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 34. Kwa miaka miwili macho yamekuwa yakinikereketa kana kwamba yameingia mchanga, na chapati siwezi kuimeza bila kuishushia maji. Hospitalini nimeambiwa nina ugonjwa wa Sjögren, yaani kinga ya mwili inashambulia tezi zangu. Jirani mmoja aliposikia neno "kinga" akadai ni UKIMWI. Mwingine ameniletea dawa ya kuongeza kinga. Nimsikilize nani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada yangu, usimsikilize hata mmoja wao. UKIMWI ni upungufu wa kinga, kwa kuwa virusi huziangamiza seli T za aina ya CD4, yaani chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga; katika ugonjwa wako seli hizo hizo zipo, ila zimejikusanya ndani ya tezi za machozi na mate, mahali ambapo hakuna adui wa kupigana naye. Ni kweli kwamba VVU navyo huweza kukausha kinywa, lakini hapo seli zinazojazana kwenye tezi huwa hasa seli T za aina nyingine, CD8. Kama hujapima VVU, pima, ili shaka hiyo ikuondokee.

Daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1933 kutokana na wanawake 19 aliowachunguza, na hadi leo takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake. Seli zinazotanda ndani ya mirija ya tezi ndizo zenyewe zinazotoa ishara za kuita seli za kinga. Seli T zikifika humwaga kemikali za uchochezi na kuziamsha seli B, chembe nyingine za kinga, ambazo nazo hutengeneza kingamwili dhidi ya protini za mwili wenyewe, hasa zile ziitwazo Ro na La. Ndiyo maana daktari hupima damu, na pengine hukata kinyama kidogo ndani ya mdomo wa chini ili atazame kwa hadubini kama kuna vishada vya seli hizo za kinga, kila kimoja kikiwa na seli 50 au zaidi.

Jambo linalonipa matumaini ni kwamba mara nyingi sehemu ya tezi hubaki nzima ila imezuiwa kufanya kazi, na kwa sababu hiyo vidonge vya pilokapini, vinavyoichochea tezi, huwasaidia wagonjwa wengi.

Dawa ya jirani irudishe. Kinga yako haihitaji kuchochewa. Seli B zinazochochewa kwa miaka mingi ndizo ambazo kwa wagonjwa wachache hugeuka kuwa saratani ya limfoma, kwa hiyo uvimbe wa shavuni usiopungua uonyeshe hospitali mapema. Na ukipanga kupata mtoto, mweleze daktari kabla ya kushika mimba, kwani kingamwili za Ro hupenya kondo la nyuma na, ingawa ni mara chache, huweza kuvuruga mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni.