Ninajichunguza kila usiku, mbona utulivu hauji?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 41. Mwaka jana nilitarajia kuteuliwa kuwa makamu mkuu wa shule, lakini aliteuliwa mwenzangu ambaye nilimtangulia kazini, na tangu hapo kila neno linalosemwa kikaoni naliona limenilenga mimi. Nilijiunga na mafunzo ya mwalimu mmoja wa maisha anayefundisha mtandaoni. Alisema kinachonitesa ni umimi, na kwamba lazima niuue. Kila usiku kuanzia saa nne naandika makosa yangu ya siku kwenye daftari na kujiuliza kwa nini niko hivi, mara nyingine hadi saa nane. Nimeacha hata kufuatilia malimbikizo yangu ya mshahara, kwa kuwa aliniambia kwamba kudai nako ni umimi. Amani sijaipata, na nikilala naamka saa tisa, usingizi umekwisha. Je, niongeze muda wa kujichunguza, au kuna hatua ninayoiruka?

JIBU: Mwalimu, usiongeze hata dakika moja. Swali la namna yako hunifikia mara kwa mara, na wanaokuja kliniki wakiwa na daftari kama lako mkobani ni wengi. Karibu wote ni watu waangalifu, wenye dhamiri hai, walioaminishwa kwamba wakijisema vibaya kwa muda wa kutosha watavuka ng'ambo na kuikuta amani inawasubiri. Sina shaka na nia yako. Ninachokipinga ni maelekezo uliyopewa, kwa sababu unachokifanya kuanzia saa nne hadi saa nane ni kujishtaki, na kujishtaki hakujawahi kumpunguzia mtu umimi.

Tuchukue mfano wa sentensi ambayo mtu katika hali yako huiandika: "Leo nimejibu vibaya kikaoni kwa sababu mimi ni mbinafsi na sipendi wenzangu wafanikiwe." Isome tena polepole. Hakuna tukio ndani yake, kuna hukumu tu. Hatujui nani alisema nini, wala ulijibu nini, wala mwili wako ulikuwaje. Sasa ilinganishe na hii: "Mkuu wa shule alipotaja matokeo ya Kidato cha Pili, nilimkatiza kabla hajamaliza. Mashavu yalikuwa yanawaka. Nilidhani anataka kusema somo langu ndilo lililoangusha shule. Hakulitaja somo langu." Sentensi hizi za pili hazikupambi wala hazikufichi, na kwa kweli zinakuanika zaidi kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa zinaonyesha mahali hasa ulipokosea: ulijibu jambo ambalo halijasemwa. Kosa la namna hiyo linaweza kurekebishwa kesho asubuhi. "Mimi ni mbinafsi" haliwezi kurekebishwa na mtu yeyote kesho asubuhi. Linaweza kuandikwa tena kesho usiku tu.

Mwanasaikolojia wa Marekani Susan Nolen-Hoeksema alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akilichunguza jambo hili la mawazo yanayojirudia. Yeye na mwenzake walikuwa wamewapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford wiki mbili kabla ya tetemeko la ardhi la Loma Prieta, lililoipiga California Oktoba 1989, na hivyo wakapata nafasi adimu ya kulinganisha hali ya watu walewale kabla na baada ya msiba. Walipowapima tena siku 10 baadaye, na kisha wiki 7 baadaye, wale ambao tangu mwanzo walikuwa na desturi ya kuizungukia huzuni yao na kujiuliza maswali yasiyo na mwisho kuhusu hali yao ndio walioonyesha dalili zaidi za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, hata pale watafiti walipozingatia hali waliyokuwa nayo kabla ya ardhi kutikisika. Tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea hukohuko. Mtu anayejiuliza "kwa nini niko hivi" hadi usiku wa manane huamini kwamba anakaribia jibu, na imani hiyo ndiyo inayomzuia kulifunga daftari.

Nisiloweza kulivumilia ni lile fundisho kwamba umimi hupungua kadiri unavyopigwa. Fikiri, Mwalimu: aliyejilaumu saa nne mfululizo ameshughulika na nafsi yake saa nne mfululizo. Katika muda huo hakumkumbuka mwanafunzi wake anayesinzia darasani, wala hakujiuliza huyo makamu mpya anakabiliana vipi na mzigo aliopewa. Majivuno husema "mimi ni bora kuliko wote". Kujilaumu kusikokwisha husema "mimi ni mbovu kuliko wote". Na katika sentensi zote mbili mhusika mkuu ni yuleyule. Umimi unalegea pale mtu anapojiona kuwa mmoja miongoni mwa watu, mwenye makosa ya kawaida na mema ya kawaida, na anapopata nafasi ya kuwatazama wengine bila kupima kila neno lao linamgusa wapi.

Wanaouza mafunzo haya hupenda kudai kwamba wanatugawia hekima ya kale. Ingefaa waisome kwanza. Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alipoeleza namna ya kuihesabu nafsi, aliifananisha na mfanyabiashara anayekaa na mshirika wake: asubuhi wanawekeana masharti, mchana anamwangalia, jioni wanafanya hesabu, na katika hesabu hiyo mna mtaji, mna faida na mna hasara. Hesabu yenye hasara pekee haiwezi kuwa ya kweli, na mfanyabiashara anayeiandika hivyo kila siku hajui hali ya duka lake. Kwa upande wa Wakatoliki, utafiti wa dhamiri aliouelekeza Mtakatifu Ignasi wa Loyola katika karne ya 16 huanza na shukrani kwa mema yaliyopokewa, ndipo mtu anapoipitia siku yake, akaomba msamaha kwa aliyokosea na kukusudia kujirekebisha. Angalia kwamba njia zote mbili zina mwisho. Mtu anahesabu, anatubu, anaazimia, anakwenda kulala. Hakuna hata mmoja kati ya walimu hao aliyemwagiza mja akae hadi saa nane akitafuta uthibitisho mpya kwamba hafai.

Tiba ya kisasa nayo haikuelekezi huko. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha, katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mafunzo ya kuishi kwa uzingatifu, yaani kuyaangalia yanayotokea sasa bila kuyahukumu, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, na baadaye wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale wakayaunganisha na tiba ya fikra, ile ya mazungumzo inayomsaidia mtu kuzichunguza fikra zake, kwa ajili ya watu ambao sonona huwarudia. Kinachofundishwa humo ni kuliona wazo kuwa ni wazo. Unakaa, unafuatilia pumzi, linakuja wazo kwamba wenzako wanakudharau. Unalitambua kwamba limekuja, hulijadili, hulifukuzi, unarudi kwenye pumzi. Litarudi tena, nawe utarudi tena. Wengi hunieleza kwa aibu kwamba wameshindwa taamuli, yaani zoezi hili la kukaa kimya na kuitazama akili, kwa kuwa akili yao haikutulia, kana kwamba waliagizwa kuizima. Zoezi lenyewe ni kule kurudi.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba kati ya watu waliokuwa wameugua sonona mara 3 au zaidi, waliorudiwa na ugonjwa ndani ya wiki 60 walikuwa asilimia 37 ya waliopata mafunzo hayo pamoja na huduma yao ya kawaida, na asilimia 66 ya waliobaki na huduma ya kawaida pekee. Wale waliokuwa wameugua mara 2 tu hawakunufaika. Nalitaja hili la mwisho kwa makusudi, kwa sababu mtaalamu mkweli hukueleza njia yake inamfaa nani na haimfai nani. Anayekuambia kwamba njia yake inamfaa kila mtu hajaipima.

Basi ufanye nini? Daftari lihamishie mapema, kabla ya chakula cha jioni, mezani na wala si kitandani, na ulipe dakika 15, zikiisha ulifunge. Chagua tukio moja tu la siku hiyo. Liandike kwa jina lako, kana kwamba unamweleza mtu mwingine: "Mwalimu fulani aliposikia hivi, alifanya vile." Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake wameonyesha, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2014, kwamba mtu anayejizungumzia kwa jina lake badala ya kusema "mimi" huweza kulitazama jambo linalomuumiza kwa utulivu zaidi, na kliniki nimeona hatua hiyo ndogo ikiwasaidia hata watu waliokuwa wameigomea. Andika pia jambo moja ulilolifanya vizuri siku hiyo, na usilipunguze thamani. Kisha, badala ya "kwa nini niko hivi", uliza "kesho nifanye nini", na jibu liwe dogo kiasi cha kutekelezeka: kumwendea mkuu wa shule na kumwomba radhi kwa kumkatiza, au kumuuliza makamu mpya kuhusu ratiba ya mitihani bila kutia neno la pili.

Kuhusu malimbikizo yako, yafuatilie. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule, ambatisha hati za mshahara za miezi inayohusika, na ubaki na nakala. Mshahara uliofanyiwa kazi ni haki, na kuudai kwa lugha ya adabu hakuna uhusiano wowote na majivuno. Aliyekuambia uache amekudhulumu, hata kama hakukusudia. Kuachilia, kwa maana yake sahihi, ni kuachilia madai ambayo dunia haikuahidi kuyatimiza: kwamba kila mtu akusifu, kwamba usipitwe kamwe, kwamba kila kikao kikutambue. Ukichanganya hayo na haki zako za kazi, utabaki huna haki na hasira itabaki palepale.

Hilo la kuamka saa tisa na kukosa usingizi silichukulii wepesi. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi umekuwa pia na huzuni karibu kila siku, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, chakula hakipandi au unajiona huna thamani, huenda tunazungumzia sonona, ambayo ni ugonjwa na ina tiba. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Morogoro, uombe kuonana na watoa huduma wa afya ya akili. Na ikiwa wazo la kwamba ni afadhali usingekuwepo limewahi kukupitia, nenda leo, ukiwa na mtu unayemwamini.

Nayasema haya kwako, lakini nawakusudia na wengine, kwa maana biashara hii ya "kuua umimi" inakua, na wateja wake wengi ni watu waliokwisha kuumia. Mke anayepigwa huambiwa kwamba maumivu yake ni umimi unaogoma kufa. Mfanyakazi anayenyanyaswa na bosi huambiwa ajifunze unyenyekevu. Mgonjwa wa sonona, ambaye ugonjwa wenyewe tayari unamnong'oneza kwamba hafai, hupewa zoezi la kuuthibitisha mnong'ono huo kwa maandishi. Na pale mteja anaposema haoni nafuu, jibu huwa limeandaliwa: ni umimi wako unaopinga. Fundisho ambalo kila kushindwa kwake ni kosa la mwanafunzi haliwezi kusahihishwa na chochote, na mtu akishaambiwa kwamba mashaka yake ndiyo ugonjwa, amenyang'anywa kitu pekee ambacho kingemtoa hatarini.

Mwisho wa njia hiyo umeshaonekana. Oktoba 2009, karibu na Sedona katika jimbo la Arizona, mhamasishaji maarufu James Arthur Ray aliwaingiza zaidi ya watu 50 katika hema la mvuke lenye joto kali, baada ya kuwataka wakae bila chakula wala maji, katika mafunzo ambayo walilipia karibu dola 10,000 kila mmoja. Waliotaka kutoka walihimizwa wajishinde na kuvumilia. Watu 3 walikufa, na mwaka 2011 mahakama ilimtia hatiani kwa kusababisha vifo hivyo kwa uzembe. Waliokufa walikuwa watu wazima waliokuwa na akili zao, ila walikuwa wamefundishwa kwamba sauti ya mwili inayosema "toka" ni ya kudharauliwa.

Hata taamuli ya kimya, isiyo na hema wala moto, haimfai kila mtu kwa namna moja. Aliyebakwa, aliyenusurika ajali au aliyepitia vita anaweza kufumba macho na kujikuta amerudishwa palepale. Utafiti wa mwanasayansi wa Marekani Willoughby Britton na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, umekusanya simulizi za watu waliopatwa na hofu kali na hata kupoteza hisia ya kujitambua kutokana na taamuli. Kwa hiyo kabla ya kumlipa yeyote, muulize amesomea wapi, nani anamsimamia, na hufanya nini mwanafunzi wake anapozidiwa. Asiyekuwa na jibu la swali hilo la tatu asikuongoze. Na akikuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, ziwe za sonona, za kifafa au za shinikizo la damu, kwa madai kwamba utulivu wa nafsi unatosha, ondoka kwake siku hiyohiyo na uendelee na dozi yako. Dawa hizo hupunguzwa au kuachishwa na aliyeziandika, hatua kwa hatua, na kuzikatiza ghafla kunaweza kukuletea madhara makubwa kuliko hayo unayoyakimbia.