Nikiomba hasira inatulia, jioni inarudi

SWALI: Bwana asifiwe. Nauza ndizi na nyanya soko la Mbuyuni. Nikirudi nyumbani jioni, kitu kidogo tu, mtoto kamwaga maji au daftari halionekani, nawaka. Wakishalala najuta hadi nalia. Nimefunga siku tatu, nimeombewa, wiki haiishi nipo palepale. Jirani tunayesali naye anasema Mkristo wa kweli hakasiriki. Je, imani yangu ni ndogo?
Mama wa wawili, Moshi

JIBU: Amina, mama. Jirani yako hana andiko. Paulo aliwaambia Waefeso (4:26): “Mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka.” Alichokiwekea mpaka ni kile ulimi na mkono vinachofanya, na muda wa kuifuga hasira yenyewe. (Wala hajaamuru kila ugomvi umalizwe saa 6 usiku watu wakiwa hoi. Mkikubaliana kuzungumza kesho, uchungu umeshapunguzwa makali.)

Sasa tazama saa zako. Umeamka alfajiri, umeshinda sokoni, na pengine tangu chai ya asubuhi hujatia kitu tumboni. Nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, Eliya akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. “Unafanya nini hapa, Eliya?” aliulizwa baadaye, mlimani Horebu. Njaa ni kuni za hasira, kwa hiyo kabla hujafunga siku nyingine tatu, kula: kikombe cha uji na ndizi mbivu mbili saa 10 jioni, hapohapo mezani pako pa biashara.

Halafu chukua daftari. Kwa siku 14, kila ukiwaka andika ilikuwa saa ngapi, nini kilitokea, mwili ulianza vipi (taya, mabega, moyo kwenda mbio) na ulikuwa unahitaji nini. Andika usiku huohuo. Ukingoja Jumapili utaandika hukumu badala ya habari.

Ile dalili ya mwili ndiyo kengele yako. Ikilia, toka uani kabla hujasema neno. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, mara 10. Kutoa pumzi taratibu ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Wanaovuta kwa nguvu na haraka huishia kizunguzungu. Mwili uliokwisha kuwaka huhitaji kama dakika 20 kupoa, wakati mwingine zaidi, basi usirudi baada ya dakika 2 kutoa adhabu.

Na maombi? Huenda unamwomba Mungu aiondoe hasira bila kumwambia imetoka wapi. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu: miwili ya kulalamika (“hata lini” mara nne!), miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini. Fuata mpangilio huo, na usiiruke ile miwili ya kwanza. Mtaje kwa Mungu hata yule aliyekukopa nyanya akazima simu.

Nawe uwaombe watoto msamaha bila “lakini”. “Nilikupigia kelele, haikuwa haki, nisamehe” inatosha. Ukiongeza “lakini na wewe…” umemtwisha mzigo upya.

Kukosa usingizi au kukata tamaa kukizidi wiki 2, nenda hospitali, Mawenzi au KCMC. Ukipata wazo la kujidhuru au kuwaumiza watoto, nenda siku hiyohiyo. Wanaodhani daktari ni dalili ya imani haba wakumbuke kwamba KCMC yenyewe, iliyofunguliwa 1971, ni matunda ya makanisa.

SWALI: Tulimzika baba mwezi uliopita. Wajomba walisema mtoto wa kwanza ajikaze, mwanaume halii. Sasa gereji nagombana na kila mtu.
Fundi, Arusha

JIBU: Pole sana, kaka. Yesu alikwisha kusema anakwenda kumwamsha rafiki yake Lazaro aliyekufa (Yohana 11:11), na bado mstari wa 35 unasema “Yesu akalia machozi”, mbele ya waombolezaji wote. Wajomba waheshimu, ila kwa hili usiwafuate. Mtafute mtu mmoja aliyemjua baba, kaeni nusu saa kila wiki, umsimulie baba alivyokuwa. Anza na jambo dogo, kama alivyoshika spana au alivyokunywa chai. Machozi yakija, yaache.