Mleta mada, usiandike hata mada moja ya msaada kabla hujaipa namba

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba mfumo wako wa stoo za maduka ya dawa umeiva, sasa unataka kuutengenezea msaada wa kubonyeza F1, yaani mtu akikwama abonyeze F1 apate ukurasa wa maelezo (ndio tunaouita mada) wa skrini aliyopo, na kwamba "nitaandika mada zote kwanza, majina ya faili programu ya kuandikia msaada inajipangia yenyewe, kuunganisha na skrini nitafanya mwishoni." Nimesoma sentensi hiyo nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka chini. Hiyo ni sentensi yangu. Niliisema neno kwa neno, na ilinipandisha basi la alfajiri kutoka Dodoma hadi Kahama.

Tulikuwa na mfumo wa SACCOS. Mwajiri wangu wa wakati huo alileta mtaalamu wa siku mbili, suti safi, slaidi themanini, atufundishe kuandika msaada. Nikamuuliza: hizi faili zinazotoka, mada001, mada002, mada003, namba zake zinatoka wapi? Akacheka kidogo, ile cheka ya kumwonea mtu huruma, akasema, "Programu inapanga kufuata mpangilio wa yaliyomo. Nyie andikeni tu, msihangaike." Tukaandika. Mada 112. Mimi mwenyewe nikaunganisha kila skrini na faili yake: skrini ya Kufunga Siku ikawa inaita mada041. Nikajaribu zote 112, zikafunguka vizuri, nikajipongeza kwa chipsi mayai.

Miezi minne baadaye nikafanya usafi. Kulikuwa na mada ya kuchapa kwa zile printa za zamani za utepe ambazo hakuna tawi lililokuwa nazo tena. Ilikuwa namba 17. Nikaifuta, nikazalisha msaada upya, nikatuma kwenye matawi. Umeshaona, au bado? Namba zinafuata mpangilio. Nimetoa ya 17, ya 18 ikawa 17, ya 19 ikawa 18, na kuendelea mpaka mwisho. Kila kitufe cha msaada baada ya hapo kikawa kinafungua mada ya jirani.

Ingekuwa ukurasa haupatikani, ningepigiwa simu siku hiyo hiyo. Ubaya ni kwamba ukurasa ulipatikana! Ulifunguka vizuri, una picha, una hatua, na unazungumzia kitu kinachofanana na ulichouliza, maana mada za jirani ni ndugu. Wiki tatu hakuna aliyelalamika. Watu walisoma, wakakuna kichwa, wakaamini wao ndio hawaelewi.

Mpaka Ijumaa moja ya mwezi wa nane. Keshia mpya, siku yake ya kwanza kufunga peke yake, yuko skrini ya Kufunga Siku, akabonyeza F1. Ikafunguka mada041, ambayo sasa ilikuwa Kufunga Mwaka. Kichwa cha mada mimi mwenye akili nyingi nilikuwa nimeandika "Hatua za kufunga", basi. Akafuata hatua moja moja. Mfumo ukamuuliza: una uhakika? Msaada niliouandika kwa mikono yangu ulikuwa unasema: bonyeza Ndiyo. Akabonyeza Ndiyo.

Mwaka ukafungwa mwezi wa nane. Faida ikahamishwa, akaunti zikasawazishwa, na Jumatatu wanachama waliokuja kuweka akiba wakaambiwa mwaka umekwisha. Kuna mzee mmoja, nasikia, aliuliza kama Krismasi imempita.

Nakala ya akiba iliyokuwepo ilikuwa ya Alhamisi usiku. Miamala ya Ijumaa nzima tuliiingiza upya kwa mkono kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, mimi, mhasibu wao na yule keshia aliyekuwa analia. Nilimwambia dada, huna kosa, ulisoma na ukatii. Siku tatu Kahama, nauli na malazi vikakatwa kwenye posho yangu. Mtaalamu wa suti nilimpigia. Alisema hilo ni suala la "utekelezaji". Sawa, kaka. Slaidi themanini na hakuna hata moja iliyokuwa na neno hilo.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na sina nyingine: namba ya mada unaipanga WEWE, kabla ya kuandika, na haibadiliki wala haitumiki tena hata mada ikifa. Fungua jedwali: namba, skrini, faili, kichwa. Anza 1000, ruka kumi kumi ili upate nafasi ya kupachika. Mada ikifutwa, mstari wake unabaki kwenye jedwali umeandikwa "marehemu". Skrini inaita namba tu, haijui kichwa wala jina la faili.

Wala si uvumbuzi. Msaada wa Windows wa miaka ya 90 ulishakuwa na namba za aina hii. Ukitengeneza faili ya CHM, ile faili moja ya msaada ya Windows, kwenye faili la mradi kuna sehemu ya MAP na sehemu ya ALIAS, kazi yake ni hiyo: namba upande mmoja, ukurasa upande wa pili. Hata programu za kutengeneza kurasa za maelezo zina njia zake: Sphinx ina lebo unayoiweka juu ya kichwa, unaweza kubadili kichwa mara kumi na viungo (linki) vya ndani visikatike. Docusaurus unaandika slug, yaani anwani ya ukurasa, mwanzoni mwa faili. MkDocs jina la faili ndilo anwani, basi ipe faili jina la namba yako. Halafu andika skripti fupi ya Python ipitie jedwali lote na kuhakikisha kichwa kilichofunguka ndicho kilichoandikwa. Mimi nilijaribu kwa macho mara moja nikala chipsi.

Uliuliza na utafutaji wa Kiswahili. Sphinx haina Kiswahili kwenye lugha zake za utafutaji, na mbinu ya kukata miisho ya maneno haitufai sisi tunaobadilisha maneno mbele: atakayetafuta "nimesajili" hatapata "kusajili". Weka orodha ya maneno mwenyewe kwenye kila mada. CHM nayo usiiweke kwenye folda ya mtandao, tangu 2005 Windows inaizuia na mada hazifunguki. Iweke kwenye diski ya kompyuta yenyewe.

Kulikuwa na swali la PDF na la picha, na programu ipi ya kununua. Wengine watakujibu, mimi presha imeshapanda. Tengeneza jedwali leo, likifika mistari kumi lirushe hapa nilione.