Muulize Anko Pikseli: "Nataka kulipua magari, nianzie wapi?"

Karibuni tena barazani. Mwezi huu sijui kumetokea nini, nusu ya meseji zote ni za vijana wa efekti na kila mmoja anataka awe yule anayeweka moto. Nimechagua manne, mengine nimeshawajibu huko huko WhatsApp, na yule aliyeniomba programu ya kukrakiwa jibu bado ni hapana.

Shikamoo Anko. Nimemaliza form six mwaka jana niko Mbeya, VFX (efekti za video) naipenda tangu niko darasa la saba. YouTube nimejifunza kuweka mlipuko, gari likipita nalipua mpaka washkaji wanashika vichwa. Kuna chuo Dar wanataka milioni 1.8 kwa miezi 6, mama anasema bora nikasome uhasibu. Nifanyeje? (Mlipuaji wa Mwanjelwa)

Marahaba mdogo wangu. Nianze na habari ambayo hutaipenda: mi nina miaka 11 kwenye kiti cha kompozitingi, yani kuunganisha picha tofauti zionekane shoti moja, na milipuko niliyolipwa kuiweka haifiki 20. Kilichonisomeshea watoto ni kufuta. Nafuta nyaya za umeme, nafuta maiki iliyochungulia juu, bango la kampuni nyingine nyuma ya msanii, chunusi za msanii, namba za gari, yule mpita njia aliyesimama kuishangaa kamera (yupo kwenye kila video ya Bongo, nahisi ni mtu mmoja). Hiyo ndo kazi yenyewe, na ikifanywa vizuri hakuna anayejua kama ilifanyika, sasa nani atatengeneza video ya YouTube ya kitu kisichoonekana?

Utaniambia mbona Nabwana, yule mtengeneza filamu wa kule Wakaliga, Kampala, analipua kila kitu. Kweli, na namheshimu sana, jamaa 2010 katoa filamu ya Who Killed Captain Alex kwa kompyuta alizounga mwenyewe na mlipuko kauweka mwenyewe. Ila angalia vizuri, analipua filamu ZAKE. Mwongozaji ni yeye, edita ni yeye. We unataka kuajiriwa, na anayekuajiri ana tatizo lake tayari, halihusiani na moto.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia ya ada fanya hivi. Chukua simu, nenda stendi, rekodi shoti ya sekunde 4, kamera itembee kidogo usiiweke kwenye tripodi. Chagua kitu kimoja cha kufuta, mfano tangazo la soda ukutani au nguzo. Sekunde 4 kwa fremu 25 ni fremu 100 (fremu za picha, sio zile za Kariakoo za kupangisha), na zote 100 lazima zikubali. Utafanya trakingi ili kompyuta ijue kamera ilienda wapi, utachukua fremu moja uisafishe mpaka ukuta uonekane kama tangazo halijawahi kuwepo, alafu hiyo picha safi unaibandika juu ya shoti ifuate mtikisiko wa kamera. Hapo ndo utagundua mambo. Ukuta wako umetulia kama karatasi wakati video yote ina chengachenga, maana fremu uliyoisafisha imeganda, inabidi uondoe chenga zake urudishie zinazotembea. Mtu akipita mbele ya ukuta kiraka kinampanda kichwani, inabidi umkate mtu huyo fremu kwa fremu, na hiyo ndo roto. Jua likiingia wingu ukuta mzima unabadilika rangi kasoro kiraka chako.

Niwape na langu. Kulikuwa na filamu ya miaka ya uhuru, mtaa mzima wa zamani mzuri kabisa ila juu ya bati kuna ungo wa satelaiti. Nimefuta ule ungo siku mbili, bati nimelijenga upya hadi kutu, nikaona mi ndo mi. Tunaangalia wote studio, wanapiga makofi, mama anayetuletea chai kasimama mlangoni na chupa yake anauliza "sasa hicho kivuli cha ungo ni cha nini?" Kivuli kilikuwa ukutani, kikubwa, duara kabisa, siku mbili nzima mi naangalia bati tu. Tangu siku ile kabla sijagusa kitu chochote natafuta kwanza kivuli chake, alafu nakitafuta hicho kitu kwenye vioo vya magari na kwenye madimbwi.

Ukishafanya shoti kama tano za hivyo ndo urudi kwenye habari ya chuo. Chuo sio kibaya, kibaya ni kulipia milioni 1.8 kufundishwa vitufe viko wapi, vitufe viko bure. Nenda pale mwenyewe, usipige simu, waombe wakuonyeshe kazi za wanafunzi wa mwaka jana, sio za mwalimu na sio tangazo lao la Instagram. Muulize mwalimu shoti yake ya mwisho aliyolipwa ilikuwa lini. Hesabu kompyuta zinazowaka alafu hesabu wanafunzi. Uliza kama kuna mtu anakaa na wewe kuikosoa kazi yako, maana hicho tu ndo YouTube haiwezi kukupa, na kama hakipo rudi nyumbani na hela yako. Ada uwalipe kwa awamu, wakikataa awamu ujue kuna sababu.

Programu anza na Blender, ya katuni na efekti za 3D, ni ya bure hata kwa kazi ya kulipwa, iliachiwa wazi 2002 baada ya watu kuchangishana euro laki moja kuinunua. DaVinci Resolve, programu ya kuediti, toleo la bure lina Fusion ndani yake, inatosha kabisa kwa kompozitingi. Nuke ndo studio kubwa wanatumia na ina toleo la bure la kujifunzia tu, haitoi picha zaidi ya pikseli 1920 kwa 1080 na huruhusiwi kupigia hela. Ukikosa shoti nzuri za kufanyia mazoezi tafuta Tears of Steel ya 2012, ni filamu fupi ya watu wa Blender kule Amsterdam, picha zake za kamera ghafi wameziachia bure mtandaoni, shoti za kitambaa cha kijani (grini skrini) zimo, roboti humo ongeza wewe.

Kuhusu mama, usigombane naye. Ukipata chuo kikuu na mkopo nenda kasome, uhasibu au kompyuta au chochote, usiku ni wako. Studio haitakuuliza cheti itakuuliza rili, yani kivideo kifupi cha kazi zako bora, ila siku ukipata kazi nje ya nchi watu wa kibali cha kazi wataulizia digrii, nimeona mtu anarudishwa kwa hilo. Na uhasibu utakufundisha kuandika invoisi, sisi wengi hatujui hadi leo.

Habari Anko, niko Zanzibar, tumenunua kitambaa cha kijani tunarekodi taarabu sebuleni. Kila nikiondoa kijani niweke picha nyingine nyuma, nywele na mabega ya msanii yanabaki na ukungu wa kijani na kingo zinachezacheza. Ni programu? (Fundi wa Mlandege)

Salama kabisa fundi. Sio programu, ni sebule. Msanii amekaribia kitambaa, kijani kinamrudia mabegani kama taa. Msogeze mbele mita 2 au 3, na kama sebule haitoshi basi msirekodi mwili mzima, chukueni kifua kwenda juu. Kitambaa kipigwe pasi, kila kunjo ni rangi nyingine. Kiwe na taa zake na msanii awe na zake.

Hizo kingo zinazocheza ni kamera au simu yenu, nyingi zinabana video kwa kuhifadhi mwanga wote ila rangi robo tu, yani pikseli nne zinagawana rangi moja, sasa wewe unakata kwa kutumia rangi hiyo hiyo. Tafuta kwenye setingi za kamera ubora wa juu kabisa. Na usikate mtu mzima kwa mpigo mmoja, nywele zikate peke yake kwa mkono mwepesi, mwili peke yake kwa mkono mzito, alafu unganisha, mwisho uondoe ukijani uliobaki.

Ah na jambo la mwisho, mavazi. Niliwahi kumrekodi bi mkubwa mmoja wa taarabu kaja na khanga mpya ina maua, maua yana majani ya kijani. Sikuyaona hadi usiku wakati wa kukata, bahari niliyoiweka nyuma inaonekana kupitia kiunoni mwa mama wa watu. Nilifanya roto ya kila jani. Mwambieni mapema avae nyekundu.

Sasa Anko. Niko Nairobi, nafanya moushen grafiksi (maandishi na michoro inayotembea) za matangazo miaka minne, nataka kuingia VFX ya filamu. Lakini naskia makampuni makubwa yanafungwa na AI inachukua roto. Nimechelewa? (Dada wa Umoja)

Poa dada. Sitakudanganya. Februari 2025 kampuni ya Technicolor ilianguka, na studio yake ya efekti MPC ndani yake, watu waliochukua Oscar kwa filamu inayoitwa 1917, mafundi wa London hadi Bangalore wakaambiwa ndo basi. Na sio mara ya kwanza, studio ya Rhythm & Hues walitangaza kufilisika Februari 2013 na wiki mbili hazijaisha filamu ya Life of Pi ikachukua Oscar ya efekti, kazi yao hiyo hiyo. Hii biashara wanapeana shoti kwa bei ya kukubaliana mwanzoni, mwongozaji akibadili mawazo mara 30 anayeumia ni studio. Kwa hiyo usijenge maisha yako kwenye ndoto ya kampuni moja kubwa ng'ambo.

AI na roto, ndio, inaliwa. Resolve toleo la kulipia lina kifaa kinakata mtu kwa kumbofya tu, na mi natumia. Ila ukikuza picha vidole vinaungana kama glovu na nywele zinatetemeka, lazima mtu akae arekebishe. Anayejua roto kwa mkono anarekebisha kwa dakika 20, asiyejua anabofya tena na tena hadi asubuhi. Tatizo ni kwamba nafasi za kuanzia zinapungua, zile ambazo zamani zilikuwa zinaenda India kwa maelfu, kwa hiyo usizitegemee kama mlango.

Mlango wako wewe ni mwingine. Una miaka minne ya kumaliza kazi kwa tarehe, hiyo wengi hawana. Nairobi mna historia, katuni ya Tinga Tinga Tales iliyorushwa na BBC kuanzia 2010 ilitengenezwa hapo hapo mjini, waliofanya pale wapo bado, watafute. 2023 Kizazi Moto ilitoka Disney+, mkusanyiko wa katuni fupi 10 za Afrika, Kenya na Uganda zimo. Huku kwetu Dar, watu wa Ubongo wanatengeneza katuni za watoto tangu 2014. Na Machi 2025 Oscar ya katuni ilichukuliwa na Flow, ya Latvia, imefanywa kwa Blender, sio Hollywood kabisa. Kazi zipo kwa watu wachache wanaofanya mengi, na wewe wa moushen grafiksi tayari unafanya mengi. Ongeza kompozitingi na trakingi, weka rili isizidi dakika moja na nusu, shoti kali iwe ya kwanza, na kila shoti onyesha ilivyokuwa kabla, uandike chini ni kipi umefanya wewe. Ukiweka kazi ya mwenzio kwenye rili utajulikana tu, hii fani ni kijiji.

Mimi ni mzazi, niko Tabora. Kijana wangu anajifunza hizo katuni za kompyuta. Laptop inawaka usiku kucha inaunguruma, luku inaisha, nikimuuliza anasema "baba usizime inarenda". Hii ni kweli au nachezewa? (Baba mwenye Luku)

Shikamoo mzee wangu. Kurenda ni kweli. Ni kama makande, ukishayatenga jikoni hakuna anayekula ila huwezi kuyatoa. Kompyuta inakokotoa mwanga wa kila picha, ikitumia dakika 6 kwa fremu moja, sekunde 10 tu za katuni ni fremu 250, zidisha mwenyewe, inafika saa 25. Laptop isiyo na kadi ya picha ndo inaumia zaidi, na isikae kitandani juu ya blanketi, iwekwe mezani ipumue.

Mwambie mambo mawili. Apunguze ukubwa wa picha wakati wa majaribio, ile kamili iwe mara moja tu mwishoni. Na asirende moja kwa moja kuwa video, atoe picha moja moja, kwa sababu umeme ukikatika kwenye picha ya 180 video nzima imekufa, ila picha zile 180 zipo na anaanzia 181. Kila fundi wa huku analijua hili, na kila mmoja amelijua kwa machozi.

Na kama bado una wasiwasi mzee, asubuhi usimuulize amelala saa ngapi, muulize imefika fremu ya ngapi. Akikutajia namba papo hapo, nunua luku. Akibabaika, alikuwa anacheza gemu.